Jina Lisilofika Ukurasa wa Pili

Simu ya kwanza kutoka Ruiru ilikuja Jumatatu saa nne asubuhi, na Nadira hakuitilia maanani.

"Nadira, hii kitu yako inasahau watu," alisema Sista Wakonyo, muuguzi wa zamu kule. "Naandika jina ya mgonjwa, nabonyeza. Ukurasa wa pili naandika damu yake, nabonyeza. Halafu inaniuliza, mgonjwa ni nani? Si nimeshaiambia!"

"Umejaribu kuzima na kuwasha, Sista?"

"Nimezima, nimewasha, nimeomba mpaka Mungu. Bado."

Nadira alicheka, akamwahidi kwamba ataangalia.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Majengo pale Thika, na katika hospitali ile ya kibinafsi upande wa Ngoingwa ndiye peke yake aliyejua mambo ya kompyuta. Hospitali ilikuwa na tawi dogo Ruiru, vitanda kumi na viwili, wengi wa wagonjwa wake wakiwa akina mama wa kujifungua. Damu haikuwekwa kule. Mgonjwa akihitaji damu, iliagizwa Thika na kupelekwa kwa pikapu. Miaka yote agizo lilipita kwa simu, na majina yakafika yamepinda, Waruguru akawa Waluguru, Karanja akawa Kalanja, mpaka mwaka huo wa 1999 Nadira alipokaa miezi mitano akiunda kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa wa jina, umri na namba ya mgonjwa. Wa pili, aina ya damu na idadi ya mifuko. Kompyuta ya Ruiru ilipiga simu yenyewe kupitia modemu, kifaa cha kuiunganisha na laini ya simu, hadi kwenye seva, kompyuta kuu ya Thika, na baada ya ukurasa wa pili karatasi ilichapwa maabara pamoja na lebo ya kubandika kwenye mfuko.

Ili ukurasa wa pili ujue ni wa nani, seva iliipa kompyuta ya Ruiru kitambulisho kidogo kilichoitwa kuki. Ni kama kile kibao chenye namba unachopewa ukiacha mzigo mlangoni mwa supamaketi. Ukirudi na kibao chako unapewa mzigo wako. Ukirudi mikono mitupu, hujulikani.

Na kompyuta ya Ruiru ilikuwa ikirudi mikono mitupu. Kwa nini, Nadira hakuona. Alijaribu kurasa zile pale Thika mara ishirini, na mara zote ishirini jina lilikaa. Akasoma programu yake mstari kwa mstari. Akaishuku laini ya simu, akaishuku modemu, akabadilisha waya. Jumanne mchana Sista Wakonyo alikuwa amepiga mara ya sita, mkurugenzi amepita mlangoni mara mbili kuuliza, na Ijumaa wageni wa bodi walikuwa wanakuja kuonyeshwa mfumo mpya.

Hapo ndipo Nadira alipoandika mistari sita. Ilisema hivi: ukurasa wa pili ukifika bila jina, chukua jina la mgonjwa wa mwisho kuandikishwa Ruiru. Kule kulikuwa na kompyuta moja na muuguzi mmoja wa zamu, kwa hiyo wa mwisho kuandikishwa ndiye huyo huyo. Ni ya siku mbili tatu tu, alijiambia, nikipata chanzo nitaifuta. Lakini moyo haukutulia, maana akaongeza na mstari wa saba wa kuandika kwenye faili kila mara ile sita inapofanya kazi.

Jumatano Wakonyo alipiga kushukuru. "Sasa inakumbuka watu. Ubarikiwe, mami."

Alhamisi, saa sita na nusu mchana, Nadira alifungua ile faili akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mistari sita ilikuwa imefanya kazi mara kumi na moja tangu jana. Akasoma kutoka juu, mgonjwa mmoja, damu moja, mgonjwa mmoja, damu moja, mpaka alipofika mwisho. Mara mbili za mwisho zilikuwa zimepishana kwa dakika tatu, na zote mbili zilikuwa na jina lile lile. Waruguru, miaka ishirini na mitatu. Ya kwanza ilisema damu O. Ya pili ilisema B.

Aliisoma tena. Mtu hawezi kuwa na damu mbili.

Akaangalia ukurasa wa kwanza wa siku hiyo, na mambo yakajipanga mbele yake bila kumhurumia. Sista Wakonyo alikuwa amemwandikisha Zahra, mama aliyengoja upasuaji, damu B. Kabla hajamaliza, Waruguru akaletwa anavuja damu baada ya kujifungua. Wakonyo akaacha dirisha la Zahra wazi kwenye skrini, akafungua lingine, akamwandikisha Waruguru, damu O, akabonyeza. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi yake, akarudi kwenye dirisha la Zahra akabonyeza na hilo. Ukurasa ule ukafika Thika hauna jina. Mistari sita ikatafuta wa mwisho kuandikishwa, ikamkuta Waruguru, ikaandika damu ya Zahra juu ya jina lake, na agizo la kwanza likafutika kabla halijachapwa.

Kikombe alikiweka wapi hakumbuki. Alijikuta maabara.

"Kisilu! Damu ya Ruiru, ya Waruguru, uko nayo?"

Kisilu, fundi wa maabara, alikuwa anaosha mikono. "Iliondoka kitambo. Sista alipiga akasema niangalie kompyuta haraka, kuna mama anaisha. Mifuko miwili, B. Dereva ametoka ni kama nusu saa."

"Ni O," Nadira alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. "Kisilu, huyo mama ni O."

Kisilu alifunga mfereji, akatazama saa ya ukutani, na Nadira akaona uso wake ukibadilika. Nusu saa ilitosha kabisa kufika Ruiru.

"Huko si wanapima tena kabla ya kuweka?" Nadira aliuliza.

"Anayepima ako matanga Kitui tangu jana. Piga simu. Piga sasa!"

Alikimbilia simu ya mezani. Vidole vilikosea namba, akaanza tena. Tuu, tuu, tuu. Laini ina mtu. Akakata, akapiga. Tuu, tuu, tuu. Ndipo alipogeuza macho akaona modemu yake juu ya seva, taa zake nyekundu zikicheza. Ruiru walikuwa na laini moja tu ya simu, na laini hiyo ilikuwa imeshikwa na kompyuta. Imeshikwa na kurasa zake yeye.

Akaushika waya wa modemu akaung'oa. Taa zikazima. Akapiga tena.

Tuu, tuu, tuu.

"Kwa nini bado?" Kisilu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ile ya kule haijajua nimekata. Itangoja kidogo ndiyo iachilie."

"Kidogo ni ngapi?"

"Dakika. Sijui. Dakika moja."

Dakika ile Nadira aliisikia mwilini kote. Alimwona mwanamke asiyemjua amelala kwenye kitanda cha chuma, mkono umenyooshwa, mfuko juu yake, na kwenye mfuko lebo safi iliyochapwa vizuri, jina limeandikwa bila kosa hata moja. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Enzi za simu, jina lililopinda lilimfanya mtu aulize mara mbili. Jina lile la kompyuta nani angeliuliza?

Akapiga. Ikalia. Ikalia mara tano, mara nane, mara kumi.

"Haro?" Alikuwa mama wa usafi.

"Mwite Sista Wakonyo! Mwambie damu ya Waruguru isiwekwe! Kimbia, mama, tafadhali!"

"Damu gani?" Halafu sauti nyingine ikachukua simu. "Nani? Nadira? Mbona unapiga kelele?"

"Sista, ile damu ni ya Zahra. Si ya Waruguru. Usimwekee."

Wakonyo akasema polepole, kama mtu anayeongea usingizini, "Ishaingia. Ni kama dakika tano. Amesema anasikia baridi, nimeenda kumtafutia blanketi."

"Itoe!"

Simu ya kule iligonga meza, ikabaki inaning'inia. Nadira aliibana yake sikioni kwa mikono miwili. Alisikia viatu vikikimbia. Alisikia mlango. Kwa mbali akasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Funga! Funga hiyo!" na mwanamke akilia kwa Kikuyu, akimwita mama yake. Mtoto mchanga naye akaanza. Nadira akaomba kwa dini yake, maneno aliyofundishwa kabla hajajua kusoma, na kila alipofika katikati alisahau yanayofuata.

Kisilu alikuwa tayari anapanga mifuko ya O kwenye sanduku la barafu. "Twende na gari yangu. Ukingoja hapo utaanguka."

Datsun ya Kisilu haikuwahi kukimbia hivyo. Walipopita Witeithie, lori la mawe lilikuwa limejaa njia nzima, na Kisilu akapiga honi mpaka mkono ukamchoka.

"Ni mimi nimeua mtu," Nadira alisema.

"Hajakufa."

"Umejuaje?"

Kisilu alilipita lori kwa kando ya barabara.

Waruguru hakuwa amekufa. Alikuwa amelala kwa ubavu, midomo imekauka, akitetemeka mpaka kitanda kikalia. Alisema mgongo unamkatika. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuwa amemwekea maji ya chumvi na alikuwa anautazama mfuko wa mkojo uliotundikwa chini ya kitanda. Mkojo ulikuwa mweusi, kama chai ya rangi iliyolala. Kisilu alipima damu upya pale pale kwa mkono wake, mara mbili, kisha wakaanza ile ya O, tone moja moja.

"Sasa?" Nadira alimwuliza daktari.

"Sasa tungoje figo. Zikiendelea kufanya kazi mpaka kesho kutwa, atapona. Zikisimama, hapa hatuna la kufanya, labda Nairobi, na sijui kama atafika."

Kwenye benchi la nje alikaa Karanja, mume wa Waruguru, fundi wa baiskeli, na grisi bado kwenye kucha. Alikuwa amempakata mtoto aliyefungwa shali, naye alimtazama kila aliyepita kwa uso wa mtu anayengoja kuambiwa. Nadira alipita akatazama chini.

Nzioka, meneja wa tawi, alimwita ofisini akafunga mlango. Alikuwa mtu mrefu, mwenye tai hata siku za joto, na kwapa zake zilikuwa zimelowa.

"Sikiza," alisema. "Nimeona lebo. Imeandikwa B, na faili ya mgonjwa inasema O. Muuguzi anafaa kusoma zote mbili kabla ya kuweka. Wakonyo hakusoma. Basi ataandika barua, na hiyo ndiyo itakuwa ripoti. Mambo ya kurasa na mashine, watu hawataelewa. Wewe nyamaza tu."

Na Nadira, Mungu amsamehe, alinyamaza. Alihisi kitu kama kivuli cha nafuu kikimpitia, na mara hiyo hiyo akajiogopa. "Wacha kwanza niangalie mashine," alisema.

Alikaa mbele ya kompyuta ya Wakonyo. Kazi aliijua, na kwa mara ya kwanza aliifanya pale tatizo lilipokuwa badala ya kulitafuta akiwa Thika. Aliiamuru programu inayofungua kurasa imuulize kila mara kuki inapotaka kuingia. Akajaza ukurasa wa kwanza kwa jina la uongo. Swali likatokea kwenye skrini: seva ya Thika inataka kuweka kuki, itakayokoma tarehe 18 Novemba 1999, saa moja kuanzia sasa. Akakubali. Akaenda ukurasa wa pili. Jina hakuna.

Kwa hiyo kibao kilikuwa kinatolewa, na kinapokelewa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inakitupa. Kompyuta haitupi kitambulisho ila kikiwa kimepitwa na wakati. Nadira akatazama saa pembeni mwa skrini. Saa nane na dakika kumi. Sawasawa na saa ya mkononi mwake. Akataka kuondoka hapo, kisha akasogeza kipanya juu ya ile saa, na tarehe ikajitokeza.

5 Januari 2000.

Alikaa akiitazama. Kila kitambulisho kilichotoka Thika kilifika Ruiru kikiwa kimezeeka zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Skrini haikuonyesha ila saa, na saa ilikuwa sawa, nani angetazama tarehe?

"Mzee Nzioka," aliita. "Nani alibadilisha tarehe ya hii mashine?"

Nzioka alikuja, akainama kusoma, akabaki ameinama. "Mimi," alisema mwishowe. "Jumamosi. Redio kila siku inasema kompyuta zitakufa mwaka elfu mbili. Nikasema niipeleke mbele, nione kama itakufa. Haikufa. Nikazima nikaenda nyumbani."

"Hukuirudisha."

"Nilidhani inajirudisha." Jasho lilikuwa limefika kwenye kola. "Jumatatu Sista alisema saa imeenda vibaya, akairekebisha. Saa tu. Tarehe hatukufikiria." Akajinyoosha, akatazama mlango. "Nadira, mimi nina watoto wanne. Unaona sasa ni kwa nini nasema hii kitu ibaki ya Wakonyo? Ni kosa dogo, atapewa barua ya onyo, mambo yaishe."

Hapo Nadira angeweza kumtupia Nzioka mzigo wote, na wengi wangemwamini. Tarehe ilikuwa ya Nzioka. Lakini tarehe peke yake ilifanya jina lipotee tu, na jina lililopotea lilimfanya Wakonyo apige simu. Aliyeweka jina la mtu mwingine mahali palipokuwa wazi, na kuzinyamazisha simu hizo, alikuwa yeye na mistari yake sita.

"Haitabaki ya Wakonyo," alisema.

Alimwambia daktari kwanza, kwa sababu daktari alikuwa na haraka na hangemtazama sana. Kisha alimkuta Sista Wakonyo kwenye chumba cha dawa, amekaa juu ya kasha na karatasi tupu mapajani, kalamu mkononi. Nadira alimweleza yote. Wakonyo alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hivyo Jumatano nikikushukuru," Wakonyo alisema, "hiyo mashine ilikuwa inabahatisha."

"Ndiyo."

"Na wewe unajua."

"Ndiyo, Sista."

"Ngai." Akakunja ile karatasi mara nne. "Mimi sikusoma ile B. Miaka kumi na saba nimesoma kila mfuko, leo nimesoma jina nikasema jina si ndio hili. Hiyo ni yangu, usinibebee. Lakini toka hapa kwanza. Sitaki kukuona."

Kumwambia Karanja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kote. Nadira alikaa kwenye benchi, akamwambia kwamba mkewe aliwekewa damu ya mtu mwingine, na kwamba kurasa za kompyuta zilizomkosea jina ni yeye aliyeziandika. Karanja alimsogeza mtoto kutoka bega moja hadi lingine.

"Dada, mimi kompyuta sijui," alisema. "Ataishi?"

"Sijui."

"Basi kaa hapa tungoje."

Nadira alikaa. Siku ile hakurudi Thika, wala Ijumaa. Wageni wa bodi walikuja wakaambiwa mfumo umefungwa, na maagizo yote yakarudi kwenye karatasi na simu. Kila baada ya saa mbili Wakonyo alipita na chombo cha mkojo, na kila alipopita wale wawili kwenye benchi waliinua macho kukitazama. Ijumaa asubuhi ulikuwa bado mweusi. Ijumaa jioni ukawa kidogo sana, matone tu, na daktari akaanza kuulizia gari la kwenda Nairobi, na Karanja akainuka akaenda kusimama nje kwenye ukuta, kipaji cha uso kimegusa mawe.

Jumamosi, jua likitoka, Wakonyo alikuja akitembea haraka kuliko kawaida. Alikinyanyua chombo kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimejaa karibu nusu, rangi ya majani makavu. Karanja hakuelewa mpaka alipomwona Nadira amefunika uso kwa leso na mabega yanamruka.

Wiki iliyofuata barua za onyo zilikuja tatu, ya Nadira, ya Nzioka na ya Wakonyo, na ya Nadira ndiyo ilikuwa ndefu. Hakufukuzwa, maana hakukuwa na mwingine wa kurekebisha. Aliifuta mistari sita. Akaondoa muda wa kukoma kwenye kitambulisho, kikawa hakitegemei tena tarehe ya mtu. Na ukurasa wa pili ukifika bila jina, sasa ulikataa kabisa, maandishi mekundu skrini nzima. Wakonyo alikuja Thika kwa hiari yake, akavuta kiti akaketi kando yake.

"Jina liwe hapo juu, kubwa," alisema akigusa skrini kwa kucha. "Kubwa zaidi. Na aina ya damu nichape mimi mara mbili, usiniandikie. Na usiweke kitu yoyote ya kunisaidia bila kuniambia."

"Sawa, Sista."

"Haya, nionyeshe vile inakataa."

Zahra alifanyiwa upasuaji wake salama kwa damu mpya kutoka Thika, akaenda nyumbani kabla ya Waruguru. Waruguru mwenyewe alikaa siku kumi na mbili. Siku ya kuruhusiwa, Nadira alikuwa Ruiru akijaribu kurasa, akaenda wodini kumuaga. Hawakuwa wamewahi kuongea. Waruguru alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwa kimemkaa kikubwa.

"Karanja ameniambia," alisema. "Wewe ndio wa mashine."

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

Waruguru alifikiri. "Sijui kama nimekusamehe. Ile baridi bado nikifunga macho inakuja. Nilikuwa naambia Sista ninakufa, na yeye ananiambia ni uchovu." Akamfunga mtoto mgongoni, kwa uangalifu, kama mtu asiyeuamini bado mgongo wake. "Lakini huyu atahitaji chanjo, nitarudi hapa. Jina lake mtaandika kwa hiyo hiyo mashine?"

"Ndiyo."

"Basi siku hiyo nitasimama nyuma ya Sista nione mwenyewe."

"Simama," Nadira alisema. "Mimi pia nitakuwepo."

Karanja alikuwa ameshachukua begi. Waruguru akamfuata polepole hadi langoni, akapumzika mara moja njiani, kisha wakavuka barabara.